Ng'ombe Sita Ambao Baba Hakuwaandika

Mjukuu wangu mmoja, msichana mwenye haraka na kila kitu, aliniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu mali ya mtu. Upande mmoja unaingiza ulicho nacho, upande wa pili unaingiza unachodaiwa, halafu simu inatoa hiki kwenye kile na kukuambia thamani yako. Nikamuuliza, je, upande wa madeni nikiuacha wazi? "Itahesabu tu, Bibi, yenyewe itajuaje?" Basi nikauacha wazi makusudi. Nikaingiza nyumba, kuku na kishamba changu cha mihogo, nikabonyeza. Loh! Ikanipongeza. Ikarusha na vimulimuli. Nikamrudishia simu yake nikamwambia sina haja nayo, akanuna mpaka jioni. Hakujua kwamba mtu wa kupongezwa namna ile nilishaishi naye, na kwamba pongezi zake tulizilipia mimi na mama yangu.

Nitasema habari zake bila kumtukana, maana ni baba yangu na mkate wake niliula.

Baba alikuwa na bucha Ipuli, mtaa wa Tabora mjini, enzi zile uhuru ukiwa bado mbichi. Ng'ombe aliwatoa Choma, upande wa Igunga, ambako mdogo wake alifuga, na ambako baba mwenyewe alikuwa na kundi lake ndani ya zizi la mdogo wake. Walikuja kwa miguu, wakichungwa pori kwa pori, na kipande cha mwisho walipita njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe zao kabla ya reli. Mimi nilikuwa mtoto pekee wa mama yangu. Nilikulia kwenye bucha lile, nikajifunza kumtazama ng'ombe akiwa hai na kujua atatoa nyama kiasi gani. Hadi leo nikikutana na ng'ombe barabarani nampima kwa jicho kabla sijamwona mchungaji.

Wateja wetu wengi walikuwa watu wa reli, na watu wa reli walikula mwezi mzima wakalipa mwisho wa mwezi. Baba naye alikopa, kwa Mhindi wa duka la vyuma aliyempa mizani, kwa wenye ng'ombe, kwa muuza kuni. Wala hakuwa mtu wa kukana deni. Kila mwaka, mfungo wa Ramadhani ukielekea mwisho, alitandika mkeka barazani baada ya swala ya alasiri ili tuhesabu zaka yake. Mimi nilishika kalamu, kwa kuwa mkono wake haukuwa mwepesi wa kuandika.

"Anza na madeni," alisema. "Mali haina haraka, utaikuta pale pale. Deni ndilo linalopenda kujificha."

Basi tunaanza. Fulani anatudai hiki, fulani kile. Siku moja alinituma kwa jirani nikaulize kama kibaba cha unga tulichoazima wakati wa mvua tulikwisha kukirudisha. Kibaba cha unga! Ndipo tunaandika mali: nyumba yetu ya vyumba vinne, bucha, ng'ombe wa Choma, na fedha zilizo kwa wateja. Hapo kwa wateja nilimwona akijidanganya kidogo, maana aliwahesabu hata waliohamishwa kazi na waliokufa. "Atalipa ahera huyo," alisema, nami nikamwandika. Tukitoa madeni kwenye mali kinabaki kitu cha kupendeza. Baba anatabasamu, anatenga zaka, anaigawa kwa maskini wa Ipuli mbele za watu. Walimwita tajiri. Alipenda kuitwa hivyo, na jamani, nani hapendi?

Sasa, kulikuwa na deni moja ambalo halikuandikwa. Mama yangu, binti wa kijiji cha Itetemia, aliolewa kwa mahari ya ng'ombe sita. Siku ya ndoa baba alitoa kanga na shilingi chache za kutanguliza, na wale ng'ombe sita wakabaki kuwa ahadi mbele ya mashahidi: atampa baadaye, mkono ukifunguka. Kwa dini yetu mahari ni ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala kaka zake, na isipolipwa ni deni kama deni jingine lolote. Kila mtu Tabora anajua hivyo. Na kila mtu Tabora, mume akiwa hai, anajifanya hajui. Mke akiidai anaambiwa anataka talaka. Mume akifa, wanawake wenzake wanamshika mkono wanampeleka mbele ya maiti aseme "nimekusamehe," naye kwa machozi yale anasamehe, na jambo limekwisha. Nimewaona wengi wakisamehe hivyo. Sijaona hata mmoja aliyekaa kwanza akahesabu anasamehe kiasi gani.

Mimi nililijua deni hili kwa sababu ya ugomvi. Nilikuwa darasa la sita baba alipooa mke wa pili kule Choma. Habari ilipofika, mama hakulia wala hakutupa vyombo. Alikwenda akasimama mlangoni mwa bucha, wateja wakiwa wamejaa, akasema, "Nasikia umepata ng'ombe wa kuolea. Basi nilipe na zangu sita." Baba akaona aibu, akamwambia watazungumza nyumbani, na nyumbani hawakuzungumza.

Ramadhani iliyofuata, tulipomaliza kuandika deni la Mhindi na la muuza kuni, nikauliza, "Na ng'ombe sita wa mama niwaandike wapi?"

Hakunipiga. Bora angenipiga. Alicheka mpaka akakohoa. "Ebo! Mke anamdai mumewe? Haya, na mimi nimwandikie wali niliomlisha?" Halafu kicheko kikamwisha, akasema mke na mume hawaandikiani, hayo ni ya ndani ya nyumba, nisirudie tena. Nikaitazama karatasi. Nilikuwa mtoto lakini hesabu nilizijua. Ukiwatoa ng'ombe sita kwenye kile kilichobaki, baba hakuwa tajiri hata kidogo. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye mke mvumilivu, na ile zaka aliyoigawa kwa mbwembwe ilitoka kwenye kitu kisicho chake. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa uani anapepeta mchele wa futari.

Miaka ikaenda. Mimi nikapata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya ushirika, kazi ya kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Ndipo ikaja ile miaka ya watu kuhamishiwa vijijini. Kule Choma mama mdogo, yule mke wa pili, alipakiwa kwenye lori na wanawe watatu, akashushwa mahali palipochorwa mistari ardhini akaambiwa hapa ndipo kijiji, jenga. Nyumba yake ya zamani ilivunjwa asirudi. Akajenga kibanda cha nyasi. Mwaka uleule mvua ikagoma. Mjini tukapanga foleni kwa unga wa njano uliotoka ng'ambo, na kule Choma ng'ombe wakaanza kufa.

Baba, mzee tayari, akaenda kuwaangalia. Alirudi na homa, na homa ile haikumwacha. Alikufa asubuhi, mama akiwa amempakata kichwa, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama bucha limefunguliwa.

Baba mdogo alifika kutoka Choma siku hiyohiyo, kwa lori la pamba, maziko yakimsubiri yeye. Alikuwa mtu mrefu mkavu, mwenye sauti ya upole inayokufanya umwamini. Akasimamia kila kitu. Nje wanaume walikaa kwenye mikeka. Ndani wanawake walijaa, na mtani wetu wa Kizaramo, mke wa dereva wa treni, alivaa koti la baba la bucha lenye madoa ya damu, akashika kisu chake, akawa anazunguka uani akiwatania wafiwa kama ilivyo desturi. "Leo bucha limefungwa! Wenye kukopa mapaja na mbavu, njooni mlipe! Kukopa harusi, kulipa matanga!" Watu walicheka huku wanalia. Mama hakucheka wala hakulia. Alikuwa amekaa karibu na jeneza, mikono mapajani.

Wakati wa kutoa maiti ulipofika, mwalimu wa madrasa, aliyemfundisha Kurani nusu ya Ipuli, alisimama upande wa pili wa pazia akasema kama asemavyo siku zote: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, kama yupo awezaye kusamehe asamehe. Mhindi wa duka la vyuma alikuwepo, akasema anadai salio la mizani lakini amesamehe. Watu wakamwombea. Halafu shangazi zangu wakamgeukia mama.

"Haya, wifi," mkubwa wao alisema taratibu, akimshika kiwiko. "Mwachilie mwenzio mahari aende mwepesi."

Mama alisimama. Akamtazama baba katika sanda yake kwa kitambo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi, "Maneno yake mabaya nimemsamehe. Kuniolea mwenzangu kimyakimya nimemsamehe. Ng'ombe zangu sita namdai."

Wee! Zikazuka kelele: amechanganyikiwa, ni uchungu, mpeni maji. Shangazi yangu akamfinya mkono, nikaona kucha zinaingia. "Unataka ndugu yetu alale kaburini na mzigo?" Mama akajibu, "Mzigo alikuwa nao hata alipolala kitandani kwangu. Mbona hamkuuona?"

Ni vigumu kueleza aibu ya siku ile kwa mtu ambaye hakukulia pale. Niliona aibu mimi mwenyewe. Nilitamani mama aseme tu lile neno watu waondoke. Na papo hapo nilikuwa na fahari, maana katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia mtu mzima akiitaja hesabu ile kwa usahihi.

Mwalimu akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba mwanamke yuko kwenye haki yake. Maiti mwenye deni huswaliwa mtu akilibeba deni lake. Nani analibeba?

Jua lilikuwa kali, maiti haingoji. Baba mdogo akajitokeza. "Mimi. Deni la kaka yangu nimelibeba. Nitalilipa kama lilivyo." Watu wakasema Mungu akujalie, jeneza likainuliwa, tukamzika.

Siku ya tatu, baada ya hitima, tukakaa kuandika. Alikuwepo mwalimu, baba mdogo, na balozi wetu wa nyumba kumi kama shahidi. Mama alikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, tayari yumo kwenye eda, na mimi nikaitwa nishike kalamu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Niliandika kama baba alivyonifundisha, madeni kwanza. Na la kwanza kabisa nikaliandika hilo.

Baba mdogo akachungulia. "Andika kwa shilingi," akasema. "Tuchukue bei ya ng'ombe ya mwaka waliooana." Yaani bei ya wakati wa Mwingereza, ambayo ingelipa labda mbuzi mmoja na kamba yake. Nilimtazama mtu huyu nikajua hana upole wowote, ni sauti tu.

Kabla sijajibu mama akasema kutoka ndani, "Sikuolewa kwa shilingi. Andika ng'ombe."

Mwalimu akakubali. Deni la ng'ombe ni ng'ombe, alisema, si haki kumlipa mtu kwa bei iliyokufa. Nikaandika: ng'ombe sita. Jamani, tulifurahi! Tukaendelea na mengine, ya muuza kuni, ya kaburi, ya chakula cha msiba. Upande wa mali tukaanza kufuta. Wateja waliokufa, futa. Wateja waliohama, futa. Bucha halikuwa na leseni mpya, nalo futa. Ng'ombe wa Choma, baba mdogo akasema wengi wamekufa kwa ukame na waliobaki wamebaki mifupa. Nyumba ya Ipuli ndiyo pekee iliyosimama.

Nikapiga hesabu. Nikairudia, maana sikuamini. Ukiweka ng'ombe sita kwa bei ya bucha, bei ya ng'ombe mzima mwenye nyama, walikuwa sawa na ile nyumba na vishilingi vya juu. Maana yake baba hakuacha kitu. Tajiri wa Ipuli! Miaka yote ile ya mkeka barazani alikuwa ameketi kwenye nyumba ya mkewe, anagawa zaka ya mkewe. Nilimsomea mwalimu majumlisho yale, naye akafuta uso kwa leso akasema, "Basi nyumba aichukue mama yako kwa deni lake, na hesabu imefungwa."

Nilimsikia mama ndani akivuta pumzi.

"Haijafungwa," akasema baba mdogo, polepole. "Mbele ya maiti nilisema nitalipa kama lilivyo. Na ninyi mmeandika ng'ombe. Basi ng'ombe atalipwa kwa ng'ombe. Nyumba itabaki kwa warithi, na warithi ni pamoja na watoto watatu wa marehemu wanaolala kwenye kibanda cha nyasi. Au wale si damu yake?"

Walikuwa damu yake. Mwalimu aligeuza tasbihi mkononi mwake kwa muda mrefu, akasema mwenye kulipa akiwa na kitu kilekile anachodaiwa, hawezi kuzuiwa kukitoa. Baba mdogo akapewa muda hadi eda ya mama iishe, na siku tatu za juu. Asipoleta ng'ombe, nyumba ni ya mama.

Basi tukaanza kusubiri. Mama ndani, haruhusiwi kutoka, na mimi natoka kazini kila siku naleta habari. Kila lori lililotoka upande wa Igunga nililifuata stendi nikauliza hali ya mifugo. Wanasema wanakufa, naambiwa wamelala barabarani wamevimba, fisi hawawezi hata kuwamaliza. Nami nikirudi nyumbani mguu mwepesi! Astaghfirullahi. Watu wanapoteza kila kitu na mimi nashangilia, kwa kuwa kila ng'ombe aliyekufa Choma ni tofali la nyumba ya mama yangu. Nikimwambia mama, anasema "maskini," kisha ananiuliza, "Ni wengi?" Alianza hata kusema atapaka chokaa chumba cha mbele akitoka eda, apangishe, kodi imtoshe sabuni na mafuta ya taa. Alipanga hivyo kwa sauti, akihesabu kwa vidole. Sikuwahi kumsikia akipanga kitu chake mwenyewe.

Wakati huohuo majirani walimhama. Hakuja mtu kuomba kaa la moto. Nikipita kisimani naitwa binti wa yule aliyemzuia mumewe kuzikwa. Mtani wetu pekee ndiye aliyekuja, anapiga hodi kwa kelele, anasema, "Nimekuja kumwona tajiri wa ng'ombe!" Mama alicheka kweli, na yeye akamletea mboga chini ya kanga ili wenzake wasione.

Eda iliisha, mama akaoga, akavaa kanga nyingine. Tukaamini tumeponea hapo. Siku mbili zilizofuata tulifagia chumba cha mbele, nikanunua chokaa.

Siku ya tatu, ile ya mwisho, niliwasikia kabla sijawaona. Kengele moja, mbovu, na fimbo zikigonga. Wachungaji wawili wa Kisukuma walikuwa wamechoka hata salamu yao ya mwangaluka ilitoka kwa shida. Mbele yao walikuwepo ng'ombe sita, na mbele ya ng'ombe alikuwepo baba mdogo, vumbi hadi kwenye nyusi. Waliondoka Choma wengi zaidi ili wafike hao sita, mchungaji mmoja aliniambia baadaye. Wengine waliangukia njiani.

Niliwapima kwa jicho. Siwezi kujizuia, nimeshasema. Mmoja alikuwa hana meno ya mbele. Mmoja alitembea kwa kuegemea mwenzake. Ngozi ilikuwa imeshika mbavu, nyonga zimetokeza, na yule mdogo kuliko wote alikuwa amepiga magoti pale pale penye geti la jirani. Hakuna mwenye bucha angewanunua, labda kwa ngozi tu, na mwaka ule ngozi nazo zilikuwa zimejaa mji mzima.

Nikampandia baba mdogo kwa maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nikamwita mwizi mbele za watu. Mwalimu alikuwa ameshaitwa, naye akasema kwa hasira kwamba deni hulipwa kwa mnyama wa wastani, si mzoga.

"Nioneshe ng'ombe wa wastani," baba mdogo akajibu. Safari hii sauti yake haikuwa ya upole, ilikuwa imekatika. "Panda lori, mwalimu, nenda Choma nzima, nioneshe mmoja mnene kuliko hawa. Hawa ndio waliobaki. Hawa ndio wazima. Mimi mwenyewe sina kilichobaki zizini."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonikata maini. Angekuwa amedanganya tungemshinda.

Nyuma yao, nimesahau kumtaja, alikuwa mama mdogo. Alikuja na msafara uleule kwa miguu, mkeka kichwani, sufuria mkononi, na wale watoto watatu wenye nywele zilizogeuka rangi kwa njaa. Alisimama mbali na mlango, hathubutu kuukaribia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama alisema. Akamwangalia miguu, ilikuwa imepasuka. "Na wewe, mahari yako ilikuwa nini?"

"Ng'ombe, dada. Nilisamehe. Waliniambia nikisamehe wanangu hawatakosa pa kulala."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei sokoni. Akasogea kando ya mlango, akamwambia aingie, maji yamo mtungini, awape watoto kwanza.

Mafungu yetu ya urithi katika ile nyumba, la mama na langu, baba mdogo aliyalipa kwa fedha ili nyumba ibaki ya wale watoto, akazihesabu palepale juu ya ngazi ya baraza, noti chache zilizokunjwa ndogo sana. Hakupunja hata senti. Mwalimu akanipa ile karatasi niliyoiandika, akamgeukia mama. Ilibidi aulize mbele ya mashahidi, na aliuliza macho yakiwa chini.

"Bibi, umepokea haki yako?"

Mama aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja, hadi yule aliyepiga magoti.

"Ni sita," akasema. "Nimepokea."

"Kuna unachomdai tena marehemu?"

"Sina."

Mwalimu akasema alhamdulillahi, marehemu sasa yuko huru, na watu waliokusanyika wakaitikia, hata wale waliokuwa hawajamsalimu mama tangu msiba. Nikaambiwa niandike limelipwa. Nikaandika, kwa kuwa lilikuwa limelipwa. Sikuwa na kosa la kuonesha popote kwenye karatasi ile, na ningelipata ningelipigia kelele hadi leo.

Mama aliingia ndani akatoka na kitanda cha kamba, mto, na birika lake. Akanipa birika. Akaokota fimbo ya mmoja wa wachungaji, akamgusa ng'ombe wa mbele ubavuni, kidogo tu.

"Twende."

"Wapi, mama?" Nilikuwa nalia, sikujali nani ananiona.

"Penye majani," akasema.

Tukaelekea Itetemia kwa kaka yake. Mwaka ule hapakuwa na majani Itetemia, wala Ipuli, wala mahali pengine popote nilipopajua.